Msitu wa Kutazama Chali

Niliondoka Mji wa Kale kwa sababu mama alikuwa amechoka na dari. Tangu kiharusi kimshike, mkono wake wa kulia, ulioshona kofia maisha yake yote, haukunyanyuka tena, na hakuweza kulala ila chali. Juu yake hapakuwa na cha kutazama ila boriti zilizopakwa chokaa. Daktari alituambia ugonjwa wenyewe umetulia, kilichobaki ni mgonjwa mwenyewe kutaka kuishi. Hapo ndipo penye kazi. Mama alikuwa akila vijiko viwili vitatu, akifumba macho, akitunyamazia. Siku moja nikimbadilishia mto alisema, macho yamefumbwa vile vile, kwamba boriti zile amezijua mpaka mafundo yake. Mimi kazi yangu ni kupiga picha, za harusi zaidi, nikajiambia kwamba kama siwezi kumbadilishia mama dari, basi kamera hii nimeinunua bure.

Wenzangu wakisimulia safari husimulia Istanbul na Guangzhou. Mimi nilikwenda Tudor, kisiwani humu humu, kwenye msitu wa mikoko.

Asubuhi, Marikiti. Nilipita sokoni hapo kutafuta magunia matupu, maana nilishaamua kwamba picha ya kutazamwa na mtu aliyelala ipigwe na mtu aliyelala. Ningepiga nimesimama, miti ingeonekana kama imemwangukia mama kifuani. Muuza vitunguu aliuliza magunia ni ya nini. Nilipomwambia nakwenda kuyalalia kwenye mikoko, alinipa bure na kuniombea afya. Hamali walionizunguka waliangua kicheko mpaka nikaingia kwenye tuktuk.

Tudor, maji yakiwa yamekupwa. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Kadzo, mwenyeji wa Rabai, anayefanya usafi katika ofisi moja mjini na siku zake za mapumziko hupanda miche ya mikoko na wanawake wenzake. Tuliamkiana, tukaulizana habari za nyumbani, nikamweleza haja yangu. Alinipeleka ndani zaidi, mahali penye michu mirefu. Mchu ni jamii ya mikoko, na mizizi yake huchomoza kutoka topeni kama vijiti vilivyochongwa. Nilitandaza magunia, nikalala, nikaruka mara moja huku nimeshika mgongo. Mama Kadzo alikwenda akarudi na ubao mpana wa kupangia miche, akauweka juu ya magunia.

"Wapiga picha wote wanaokuja hapa hupiga mizizi," aliniambia. "Wewe ndiwe wa kwanza niliyekuona ukiilalia."

Nikamsimulia habari za mama. Hakusema pole nyingi. Alitazama juu kidogo, kisha akausogeza ubao hadi mahali ambapo vilele vya miti kadhaa vinakaribiana.

Nilikuwa sijawahi kuutazama msitu kwa namna ile. Kila mti ulikuwa umetandaza majani yake mpaka karibu na jirani, ukaishia hapo, na kati yao ukabaki uzi mwembamba wa mbingu. Katikati ya majani yenyewe mwanga ulipenya kwa vitundu vidogo vidogo, kama vya kofia za mama. Nilisogea upande huu na ule, nikingoja upepo utulie, nikijaribu kupanga uzi ule wa mbingu uzunguke picha nzima bila kukatika. Ulipokaa sawa, tawi moja kavu lilikuwa limepita katikati, jeupe, halina hata jani. Nilijaribu kulikwepa, lakini kila niliposogea, mpango wote ulivunjika. Nikapiga nalo. Muda si muda Mama Kadzo aliniita akisema maji yanarudi, nikainuka na tope mpaka masikioni.

Alasiri, Mji wa Kale. Nilikaa kwenye kompyuta chumba cha pili, mlango wazi ili nimsikie mama. Nilipunguza weupe wa mbingu usimuumize macho, nikaacha kivuli kiwe kivuli. Kisha nikafika kwenye tawi. Sikutaka mgonjwa wangu alale chini ya kitu kilichokufa. Naogopa ishara, sifichi. Nilinakili majani ya pembeni, nikayabandika juu ya tawi mpaka likapotea kabisa. Nikajipongeza. Picha ikachapishwa kubwa, nami nikaibandika darini kati ya boriti, mama akiwa amelala usingizi.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta macho wazi. Alikuwa akiitazama picha, na midomo yake ikitembea kama alivyokuwa akihesabu mishono zamani. Nilisimama mlangoni nikimtazama.

"Majani haya umeyatia mara mbili," alisema.

Nikamwambia majani ya mti mmoja hufanana.

"Hufanana, hayarudii. Kofia zote nilizotoboa, hakuna kitundu kilichorudi vile vile. Hapo yuu umefita kitu."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia kilichofichwa ni tawi kavu, na kwamba nimelificha kwa ajili yake. Aliondoa macho darini, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu augue nilimwona mama yangu mwenyewe, yule asiyekubali kofia yenye mshono wa uongo.

"Mimi nina mkono mkavu, nalala nao kila siku," alisema. "Wewe waogopa nini? Lirudishe, mwanangu."

Nilitoka nikalia uani, kisha nikarudi kwenye kompyuta. Nimehariri picha za maharusi wengi, nikifuta chunusi na kuficha makovu, nikidhani ndiyo heshima. Safari hii fupi imenifundisha kwamba unayemwondolea kovu wakati mwingine humwachii pa kujiona.

Picha yenye tawi ndiyo iliyopo darini sasa. Mama huitazama akila, na sahani hurudi tupu. Wanaokuja kumzuru husifu mbingu na majani. Yeye huwangoja wamalize, kisha huwaonyesha tawi, kwa mkono wa kushoto.