Mistari Nyuma ya Jiko

Jirani anachimba msingi, na harufu ya udongo mbichi imeingia hadi ndani.

Nyumba yetu ya utotoni, kule Gatsata, ilijengwa pale mlima ulipokatwa, na nyuma ya jiko ulibaki ukuta wa udongo mwekundu. Dada yangu alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa jiografia. Aliuchora mistari kwa kisu: enzi ndefu za historia ya dunia kuanzia chini, na ndani yake vipindi vifupi zaidi.

"Wataalamu wanajuaje pa kukata enzi, dada?"

"Pale viumbe wengi wanapokoma kuonekana kwenye mawe."

"Na sisi tuko wapi?"

Aliweka ukucha juu kabisa, chini ya mizizi ya nyasi. "Hapa."

Mama akatuita. Tulikula viazi, sote sita, kwenye sinia moja.

Sasa nimefunga dirisha. Nimejipakulia kwenye sahani, mimi pekee niliyebaki kati ya wale sita.