Alipoingia Uwanjani

Leo nimeanika betri za rimoti dirishani ili zipate nguvu kidogo, na zilipopata moto zikatoa ile harufu ya chuma na vumbi. Nikajikuta nimerudi utotoni kule Bagara, mbele ya duka la mzee mmoja wa Kihindi, nimekaa chini na mama katika foleni ya sabuni.

Rafu zilikuwa tupu. Sabuni ilisemekana iko njiani. Redio ya mzee ilikoroma Kiingereza juu ya kaunta, kwa betri alizoanika juani asubuhi nzima. Ghafla akavua kofia, akasimama wima, machozi yakimlengalenga.

Wanaume kwenye foleni nao wakavua kofia. Mama akanyanyuka taratibu.

"Pole, baba. Nani amefariki?"

"Hajafa mtu, mama. Ni mchezaji wangu wa kriketi. Ndiyo anaingia uwanjani."

"Kwani anakuona?"

"Yuko ng'ambo. Hajui hata kama nipo."

Nilingoja mama acheke. Badala yake akajifunga khanga vizuri, akabaki amesimama. Foleni nzima ikanyanyuka, watu wa mahindi na maharage ambao hawajawahi kuona kriketi ikichezwa, tukasimama kwa ajili ya mtu tusiyemjua mpaka sauti ya redio ikafifia, ikakatika.

Sabuni haikuja.

Betri za rimoti zimekubali. Mchezaji wangu mimi alipoingia uwanjani kwenye televisheni, mjukuu wangu akaacha uji wake, akanitazama.

"Bibi, mbona umesimama? Kuna msiba?"