Difu Niliyoipima Kama Korosho

Mimi korosho naijua kwa kuishika. Sijigambi. Au tuseme najigamba kidogo, ila ni kweli. Shule niliiacha darasa la nne, mwenyewe, hakuna aliyenifukuza, nikaanza kununua korosho kwa bakuli huko Nkowe na vijiji vya jirani. Miaka ya elfu mbili ilipoingia nilikuwa na ghala Nachingwea, nyumba ya bati la rangi na suti mbili. Nikitia mkono kwenye gunia nakwambia zimeanikwa siku ngapi. Nikiitikisa moja sikioni najua kama ni mbovu. Mtu mwenye kipaji hicho akiamini kwamba anaweza kuchagua kitu chochote duniani kwa mkono wake, mtamlaumu?

Nikanunua gari la michezo. La Kijapani, lililotumika, jekundu, milango miwili, bawa mgongoni, tumbo linakaribia kugusa ardhi. Mjini kwetu watu walikuwa na malori na pikapu. Mimi nikaleta kitu ambacho mtu mzima hukiingia kwa kutanguliza makalio. Kwenye lami ya Dar lilikuwa duma. Lilipokutana na tope letu la kwanza, tairi moja la nyuma likazunguka kama feni, lingine likatulia kimya, na duma akasukumwa na wauza vitumbua.

Fundi wangu ni mtani wangu, kwa hiyo adabu kwangu hana. Akaniambia, "Tajiri, shida yako ni difu, chombo kinachogawa nguvu kwa matairi ya nyuma. Hii ya kawaida inapeleka nguvu kwenye tairi lenye kazi nyepesi. Likiteleza moja, ndilo hilo hilo linalozunguka. Tafuta difu ya kubana, inayolazimisha yote mawili yafanye kazi. Twende wote Dar nikuchagulie."

"Unichagulie mimi?" nikamjibu. "Mimi niliyevaa suti, wewe uliyevaa oili?"

Nikaenda peke yangu. Na haraka nilikuwa nayo, kwa sababu nilikuwa nachumbia. Mchumba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye akili kunizidi, kwao Matambarale. Kwetu sisi mwenye kauli juu ya binti ni mjomba wake, na mjomba alishamtuma mshenga aniletee maneno yake: "Aje tumwone. Lakini nasikia gari lake husukumwa. Siku mpwa wangu akilisukuma, mazungumzo yamekwisha."

Kwenye duka la spea nililetewa difu mbili. Ya kwanza nilizungusha upande wa kulia, ikawa nzito, na upande wa kushoto ukafuata vilevile, kama umegandishwa. Nikasema moyoni, hii imekula kutu. Ya pili nikazungusha kulia, kushoto kukazunguka kinyume, laini, bila ubishi, kama korosho kavu zinavyopita vidoleni. Muuzaji akafungua mdomo. "Mzee, hiyo ya kwanza ndiyo ya ku—"

"Usinifundishe bidhaa," nikamkata.

Akaandika risiti. Difu ya pili nikaifungisha hukohuko Dar, nikarudi nikimkwepa fundi wangu, na mwalimu nikamsimulia nilivyochagua, mara tatu.

Siku ya kwenda Matambarale mvua ilikuwa imenyesha. Mwalimu alikaa mbele, mshenga nyuma, magoti yakiwa karibu na masikio. Nyumba ya mjomba iko juu ya kilima kidogo cha udongo mwekundu. Nikakanyaga mafuta kwa majivuno yangu yote. Katikati ya kilima tairi la kushoto likaanza kuimba. La kulia likasinzia.

Mshenga akashuka, akasukuma, akakohoa, akakaa chini. Mwalimu akavua viatu.

"Mwalimu, kaa ndani!"

"Nikae mpaka mavuno?"

Akasukuma. Tairi likamtupia tope kuanzia kitenge mpaka kilemba. Nilipoinua macho, mjomba alikuwa amesimama kibarazani, mikono nyuma.

Akateremka taratibu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, maana alikuwa analitazama tairi.

"Hili lingine linaumwa?"

"Hapana, mjomba. Ni difu."

"Hata kuku huchakura kwa miguu miwili. Nani aliichagua?"

Hapa ningeweza kuwa mwanaume. "Fundi," nikasema.

Mwalimu akafuta tope jichoni. "Mjomba, aliichagua mwenyewe."

Mjomba akamgeukia mshenga. "Nilisema nini juu ya kusukuma?" Mshenga akaomba, akapiga magoti kwenye tope lilelile. Mwishowe mjomba akasema, "Basi. Arudi siku litakapopanda lenyewe. Lisipopanda, asirudi." Hata maji hatukupewa.

Nikaenda kwa fundi kichwa chini, nikamsimulia zile difu mbili za dukani. Akapiga jeki, akainua matairi yote mawili ya nyuma, akazungusha la kulia kwa mkono. La kushoto likaenda kinyume. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Tajiri! Umetoa difu ya kawaida, ukaweka difu ya kawaida! Ile nzito uliyoiacha ndiyo iliyokuwa inabana!"

Alipomaliza kucheka akanieleza. Kuna wanaochomelea difu ya zamani, matairi yakawa kitu kimoja. Ni rahisi, lakini kila kona matairi yanaburuzwa, na kwenye utelezi mkia unataka kutangulia. Kuna ya visahani vinavyobanana, kama ile niliyoikataa. Ina nguvu, mashindanoni wanaipenda, lakini inataka oili yake maalumu, visahani vinakwisha, na ukikata kona polepole inagonga ko-ko-ko. Na kuna ya meno matupu, inayobana polepole, kimya, haina cha kuisha haraka. Ubaya wake, tairi moja likining'inia hewani kabisa, haikusaidii.

"Nataka ya ko-ko-ko," nikasema. "Sokoni wajue napita."

"Unanunua difu au ngoma? Wewe unakwenda ukweni, huendi mashindanoni. Chukua ya meno."

Safari hii tulikwenda wote. Akafungua mfuniko, akamulika tochi, akayatazama meno moja moja. Mimi nilishika tochi. Hata kuigusa sikuigusa.

Mvua iliyofuata nikaenda Matambarale peke yangu. Nikafika kilimani, nikakanyaga mafuta. Tairi la kushoto likateleza kidogo, nikasikia la kulia likishika, na gari likapanda, bwana, likapanda kama mbuzi! Nikapiga honi mpaka kibarazani.

Kibarazani palikuwa na bibi mmoja anamenya mihogo. "Mjomba yuko shamba," akasema. "Anafukuza ngedere. Huko gari halifiki."

Nikatembea saa nzima kwa viatu vya ngozi. Nilimkuta amekaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia shamba, manati mkononi.

"Mjomba, limepanda! Lenyewe! Matairi yote mawili—"

"Aliyeichagua safari hii nani?"

Jua lilikuwa kali, viatu vimenibana, na uongo wa kubeba sikuwa nao tena. "Fundi. Mimi difu siijui, mjomba. Ya kwanza niliipima kama korosho."

Akasogea, akanipa nafasi juu ya dungu. "Panda. Wakija ngedere, piga kelele. Sauti naona unayo."

Tulifukuza ngedere mpaka alasiri, na bila kunigeukia akasema, "Mshenga aje Ijumaa, tuzungumze." Nikataka kuruka. Nikamshukuru, nikaanza kuteremka ili niwahi Nachingwea kumpa mwalimu habari.

"Unakwenda wapi?" akauliza. "Kwani ngedere wameambiwa unaoa?"

Nilikaa siku nne.