Siku Niliyolitangaza Jina la Mama Yangu Benki

Mimi nimezaa, nimelea, nimezika mume, nina wajukuu sita na wote wanasoma (yule mkubwa Kizungu kinamtoka kama maji ya bomba), kwa hiyo mjue anayewasimulia haya si mtu wa kuokotwa, ila siku ile pale benki, mtaani kwetu Al Mansoura hapa Doha, niliumbuka mpaka nikatamani ile sakafu yao inayong'aa ipasuke initie ndani, kibaki kiatu kimoja juu cha ukumbusho.

Wakati huo nilikuwa napikia familia moja ya Kiqatari, na mshahara ulikuwa umeanza kupitia benki badala ya kupewa mkononi. Kadi nilikaa nayo mwenyewe. Mwanangu Nassor, ambaye ni dereva hapa hapa Doha na ndiye ninayekaa kwake, jambo hilo lilimkera. "Mama, nipe kadi nikushikie, mambo haya hutayaweza." Nikamwambia, nilikushika wewe ulipokuwa huwezi hata kusimamisha shingo yako, leo kikadi hiki kinishinde? Akacheka, lakini akaweka sharti: nikivuruga mara moja tu, kadi inahamia mfukoni kwake. Nikakubali pale pale. Kiburi hicho.

Basi ukaingia ujumbe wa benki kwenye simu, Kizungu kitupu. Mimi shule niliishia darasa la nne, namba nazijua, lakini Kizungu tunaangaliana tu. Badala ya kumngoja Nassor atoke kazini (hapo ndipo nilipokosea, wala si pengine), nikateremka nikampa simu Wanjiru, binti wa Kikenya anayelinda mlango wa jengo letu.

"Shosho," akasema (ndivyo kwao wanavyoita bibi), "benki wanasema siku hizi kuna watu wanaiba aidentiti. Ukilipa kitu kidogo kila mwezi, wanakulinda."

"Aidentiti ndiyo mdudu gani?"

Akajikuna chini ya kofia. "Ni... ni wewe, shosho. Ile kitu inakufanya ukuwe wewe. Mtu anaichukua, anakuwa wewe, anakula jasho yako, na wewe unabaki hivyo tu."

"Ananishika?"

"Hakushiki hata! Akishajua jina yako na siku ulizaliwa, umeisha."

"Na benki wananipa nini?"

"Kinga."

Jamani! Mimi mtu wa Pangani. Mtu anachukua jina lako na siku uliyozaliwa, hakugusi hata ukucha, riziki yako inahamia kwake na wewe unabaki ganda: kwetu hiyo inaitwa kuibiwa nyota, na kinga ni hirizi, ya kufunga kiunoni au kuchimbia mlangoni. Nikajiuliza usiku kucha, nilipe au nisilipe? Nikilipa, nimekwenda kwa mganga na uzee huu, na swala zangu tano ziende wapi? Nisipolipa, je kama kweli kuna mwanamke mahali amekwisha kuwa mimi, anakula jasho langu, tena pengine hata kupika hajui?

Siku yangu ya mapumziko nikajifunga mtandio, nikaenda peke yangu. Nassor sikumwambia.

Benki imejaa, ni siku za mishahara, madereva, walinzi, wasichana wa hoteli, kila mtu na tiketi yake mkononi. Zamu yangu ikafika, nikaketi mbele ya kijana mmoja wa Kisumu, Otieno, tai imemkaa vizuri, Kiswahili chake kizuri tu.

"Karibu, mama. Unakuja kwa ile kinga ya kwenye ujumbe?"

"Nakuja kuuliza."

"Sawa. Wacha kwanza nihakikishe ni wewe. Bataka yako?"

Nikampa bataka, kile kitambulisho cha ukaazi tunachotembea nacho. Akaniuliza jina kamili. Nikataja, kwa sauti ya chini. Siku ya kuzaliwa. Nikataja, macho kwenye bataka yangu.

"Na jina la mama yako mzazi?"

"La mama? La baba hulitaki?"

"La baba halina kazi hapa, mama. Ni la mama tu."

Sasa nisikilizeni. Maneno hayo hayo, kama yalivyo, ndiyo anayosema mpiga falaki, yule mganga wa kusoma nyota, kabla hajaanza kuandika: jina lako na la mama yako, la baba tuachie, kwa sababu mama anajulikana na baba ni wa kuambiwa (wasemao ni waganga, mimi simo). Nikaona kila kitu. Nikanyakua bataka yangu, nikasimama, nikaigeukia benki nzima.

"Enyi Waislamu! Na nyie Wakristo mliomo! Tokeni humu, watu hawa wanapiga falaki! Wanataka majina ya mama zetu! Mimi, Mwanaidi binti Shomari, mama yangu ni Mwanatumu binti Kombo, na jina hilo hamlipati ng'o!"

Mashine ya tiketi ikaita namba nyingine. Kisha sauti ya dereva mmoja wa Bara ikatoka nyuma kabisa:

"Bibi, si umeshawapa?"

Walicheka! Mqatari mmoja akauliza kuna nini, akatafsiriwa, naye akacheka mpaka kile kitambaa chake kikamteleza kichwani. Nikaona na simu zimeinuliwa. Nikaketi.

Otieno hakucheka, Mungu amjalie. Akanisogezea maji. "Mama, hilo jina ni kama kufuli. Mwizi akipiga simu hapa akijifanya wewe, sisi tunamuuliza jina la mama. Akikosa, tunajua si wewe. Ndiyo maana ni siri."

"Na sasa?"

Akaangalia ule ukumbi. "Sasa ni ya watu wote."

Hata sijameza maji, simu ikalia. Nassor. "Mama, mbona nakuona kwenye grupu la Watanzania? Usiondoke hapo. Nakuja kuchukua kadi."

Nikajua kadi imekwenda. Lakini nikajiambia, Mwanaidi, aibu umekwisha kuipata, sasa tumia akili iliyobaki.

"Mwanangu," nikamwambia Otieno, "kufuli hubadilishwa?"

"Hubadilishwa, mama."

"Badilisha. Na hiyo kinga yenu, inamzuia mwizi mlangoni, au inanipigia simu akishaniibia?"

Akarekebisha tai. "Inaliangalia jina lako, mama. Likitumika vibaya, inakuambia."

"Basi hiyo si kinga, huyo ni mleta habari za msiba. Na pesa yangu ikitoka leo, mnaniambia?"

"Tunatuma ujumbe kila mara. Hiyo ni bure."

"Basi nitasoma huo. Namba zangu nazijua."

Nilipe ya nini? Sikulipa. Akanipa swali jingine la siri, nikainama nikamnong'oneza jibu sikioni, hata yeye akatabasamu.

Nassor akafika anahema, mkono ameshaunyoosha. Nikamweleza: kufuli jipya, ujumbe wa bure, kinga sikununua. Akamtazama Otieno, Otieno akatikisa kichwa kukubali.

"Sawa, mama," akasema, bado mkono uko pale pale. "Basi nambie hilo jibu jipya nikuwekee, usije ukalisahau."

"Jibu hilo," nikamwambia, "haambiwi hata niliyemzaa."

Akanitazama. Halafu akaurudisha mkono mfukoni, mtupu, akaanza kucheka, akasema, "Twende nyumbani, Bi Mwanatumu."

Tangu siku hiyo Watanzania wa Al Mansoura wote wananiita kwa jina la mama yangu, na mimi naitika, maana lilikuwa jina la mwanamke mwema na sasa linatajwa Doha nzima. Kadi ninayo, iko kifuani. Na nimeapa: benki sitapiga tena kelele, na neno nisilolijua nitaliuliza kwa watu wawili kabla ya kulipeleka Pangani. Hilo jibu jipya lenyewe lilikuwa rahisi tu, niliulizwa chakula ninachokipenda, nami nikasema ni

Ehee! Mlidhani nitasema?