Springi za Mzee Pindo

Siku ya kwanza kumwona Mzee Pindo, alikuwa amepiga magoti mbele ya gari lake kuukuu, futi ya kushonea imemning'inia shingoni, anapima nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi. Alipima kulia, akapima kushoto, akaweka alama kwa chaki ya nguo kwenye bodi lenyewe. Mimi nilikuwa nahamia chumba cha jirani, nimejitwika godoro. Nilitaka nipite kimyakimya, maana kuanza mazungumzo na mtu nisiyemjua hunipa tabu, lakini godoro likapepesuka likampiga mgongoni.

"Karibu, jirani," alisema bila kugeuka. "Lishushe hilo godoro, uniambie kama naona vibaya. Gari hili halijalala upande?"

Lilikuwa limelala, upande wa abiria.

Maisha yake yote alikuwa fundi cherehani. Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa sababu hakuruhusu suruali itoke kibandani kwake kabla mteja hajaivaa, akasimama, na yeye akachuchumaa kulitazama pindo linavyoangukia kiatu. Nilipomjua, kibanda alikuwa amemwachia mpwa wake. Kazi iliyobaki ilikuwa kumuuguza mkewe.

Mama huyo aliugua uti wa mgongo. Hospitali ya matibabu yake ilikuwa mbali, na barabara ya kwenda huko ni mashimo yaliyozaa mashimo. Magari ya siku hizi hakuyaweza. Viti vyake vinamkunja mtu kama barua. Gari la mumewe, lile la zamani lenye taa za duara, lilikuwa na kiti cha mbele kirefu kama kochi, akiwekewa mito anaweza kujinyoosha kidogo. Ila miguu ya mbele ya gari ilikuwa imechoka. Kila shimo lilimfikia mgongoni. Ukuta wetu ulikuwa mmoja, nami nilisikia siku aliyokataa.

"Siendi tena, baba watoto. Dawa inanipa siku, barabara inazichukua."

"Nitalitengeneza."

"Wewe umeshona suruali za watu mpaka macho yakakufa. Gari utalitia viraka?"

"Hata zipu nitalitia ukitaka. Ila kwenda utakwenda."

Mama akacheka, kicheko kikamuumiza.

Mafundi wa gereji walishamwambia aliuze kwa chuma chakavu, vifaa vyake havipo tena. Yeye akazunguka kwa wauza vipuri vya magari yaliyokufa, akarudi na springi laini zaidi, shokapu za gari la kisasa, na bushi mpya, yaani zile raba nene zinazokaa pale mkono wa chuma unaobeba gurudumu unapoungana na bodi. Shokapu zilikataa kuingia kwenye vikalio vya zamani, vile vishikizo vya chuma zinapofungwa. Ndipo akaja mlangoni kwangu, kwa kuwa mimi huchomelea mageti na madirisha.

"Mdogo wangu, wewe unajua moto, mimi najua kupima. Tukiungana tunapata fundi mmoja na nusu."

Tulifanya kazi uani, nyuma ya nyumba. Mama alitolewa akalazwa kibarazani kwenye kitanda cha kamba, apate kutuona. Alinipa tabu huyo kwa utani.

"Shemeji, leo umekuja na maneno, au umekuja na mdomo mtupu tena?"

"Nimekuja, shemeji," nikajibu.

"Haya, hilo neno moja. Tulitunze, tutalila jioni."

Kutoa springi kuukuu ndiko kulikotutia hofu. Springi iliyobanwa ina hasira za miaka, ikichomoka inaua. Tuliifunga kwa mnyororo, tukauegemeza mkono wa chuma juu ya jeki, kisha Mzee Pindo akawa anaishusha jeki kidogo kidogo, midomo inatetemeka kwa dua. Springi ikatanuka, ikagugumia, ikatulia. Mama alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua alimwambia mumewe, "Ukinitangulia kwa ajili ya chuma, sitakuja kukuzika."

Nilichomelea vikalio vipya kufuata mistari ya chaki yake. Tukafunga springi, shokapu na bushi, tukakaza nati zote kwa nguvu zetu zote, mbele ya gari bado imeinuliwa juu ya magogo na magurudumu yananing'inia. Tuliposhusha, gari likabaki limeinua pua kama mtu aliyesikia uvundo. Mzee akasema litashuka lenyewe likizoea.

Akamzungusha mama mtaani, polepole. Waliporudi, nilikwenda kumpokea mama. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na mkono wake umeshika mlango hadi vidole vimekuwa vyeupe. Tulimbeba tukamlaza ndani. Mzee Pindo akatoka, akaketi chini akiliegemea tairi.

"Nimelifanya gumu kuliko lilivyokuwa," alisema. "Na zamu yake ya hospitali ni wiki hii. Nimempa sababu ya kukataa."

Nikaketi karibu naye. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Kisha akajivuta chini ya gari, na baada ya muda nikasikia ananiita.

"Njoo utazame raba hizi."

Niliingia. Bushi mpya zilikuwa zimesokotwa, zimevutika kama nguo iliyokamuliwa.

"Umeona? Tumezikaza gari likiwa limening'inia. Lilipokaa chini, mkono ulitaka kupanda, raba ikauzuia. Mdogo wangu, nimemshonea mtu koti akiwa amenyoosha mikono juu! Akiishusha, kwapa linamkaba." Akajipiga paji la uso kwa kiganja chenye grisi. "Mimi! Mimi ambaye simpi mtu suruali bila kuivaa!"

Siku iliyofuata tulilegeza nati zote. Tulipandisha magurudumu yote juu ya magogo mapana, ili gari lisimame kwa uzito wake lakini nipate nafasi ya kulala chini yake. Mzee akaingia ndani ya nyumba kumwomba mkewe. Alikaa huko muda mrefu. Hatimaye akatoka amempakata.

"Kwa hiyo mimi ndiye jiwe la mizani?" mama aliuliza.

"Wewe ndiye mwenye koti," mumewe akamjibu. "Kaa unavyokaa siku zote."

Akapangiwa mito yake. Mzee akaketi mahali pa dereva, akatikisa gari taratibu lijikalie, akaniambia kaza. Nilikaza nati huku nikiwasikia juu yangu wanapumua.

Akakubali kwenda. Alikwenda zamu hiyo na nyingine kadhaa zilizofuata. Kila wakirudi alikuwa dhaifu zaidi, lakini hakukataa tena.

Kisha ikaja safari ambayo madaktari walimbakiza. Mzee Pindo alirudi peke yake kuchukua shuka na nguo za mkewe, akaondoka tena saa ileile. Hawakurudi. Binti yao aliwachukua wote wawili kutoka huko hospitali, akakae nao mji anakofanya kazi. Mama alifariki kabla ya mvua, na mwaka uliofuata tukaletewa habari kwamba mzee naye amemfuata.

Siku hiyo ya shuka nilimsaidia kufunga mzigo. Nilitaka kumuuliza jinsi mama alivyoivumilia njia, maneno yakanikwama kama kawaida yangu. Alikwisha kukaa kwenye usukani aliponitazama usoni, akanijibu.

"Amelala njia nzima, mdogo wangu. Pale njia inapovuka reli nilisimamisha gari nikamwekea mkono puani, nikajua ameniacha. Kumbe ni usingizi tu."