Tai ya Kanali

Harufu ya shati lenye unyevu likipigwa pasi hunirudisha kwenye fleti yetu ya Etobicoke, huku ughaibuni, mwaka 2004, asubuhi Baba alipokuwa akienda kwenye usaili wa kazi ya ulinzi.

Baba alikuwa kanali wa jeshi la Zaire, nchi ambayo haikuwapo tena hata kwenye ramani ya shule yangu. Habari hiyo hakuikubali. Picha ya Rais mwenye kofia ya chui ilitundikwa sebuleni, na wenzake wa jeshini waliokuja Jumapili waliipigia saluti kabla hata ya kuvua majaketi ya baridi. Rafiki zangu wakiwapo, nilijifungia chooni kwa aibu. Aliyetulisha ni Mama, kwa kufunga masanduku kiwandani Brampton.

Huyo Rais wao alipiga marufuku tai, akaiita vazi la mkoloni, na Baba akaapa kutoivaa. Basi kila alipoambiwa kwamba walinzi wa hapa huvaa tai, aliaga kwa heshima akarudi nyumbani. Safari hii Mama alichoka. Alinunua tai ya buluu, akaitandaza kitandani.

"Ukirudi bila kazi, mimi na mtoto utatukuta Parkdale, kwa dada yangu."

Baba akasimama mbele ya kioo akiigeuzageuza. Mtu aliyeongoza vikosi hakujua kufunga tai, na Mama naye hakujua. Nikatumwa ghorofa ya chini kwa Mwalimu, mzee wa Lubumbashi aliyevaa tai hata akienda kutupa takataka.

Mwalimu alipanda na kandambili zake. Alimfungia taratibu, huku akipiga soga.

"Mimi, mon colonel, tai moja walinikatia na makasi, kule aeroport, natoka kwa ndege. Soldat, askari kijana tu. Bibi yangu, mama ya batoto, alikuwa pale, na batoto bote."

"Ilikuwa amri," Baba akasema.

"Najua, papa. Inua kidevu."

Baba hakuinua. Aliendelea kutazama zulia mpaka Mwalimu akamwinua kidevu kwa vidole, kama mtoto anayenyolewa. Mimi nikamwonea huruma, nikidhani kinachomuuma ni kiapo.

Kazi aliipata, ya kufungulia watu mlango wa jengo la ofisi, na hatukuhamia Parkdale.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipomuuliza kama yeye pia aliwahi kushika makasi yale.

"Tulikuwa tunashindana," akasema. "Nani amekata nyingi. Tulicheka sana, mama."

Ndipo nikaelewa kwa nini siku ile hakuweza kumtazama Mwalimu usoni. Nawaambia ninyi tu: utotoni nilimwonea aibu baba yangu kwa sababu alikuwa ameanguka. Sasa namwonea aibu kwa kile kicheko chao pale aeroport, na hii ya sasa hainitoki.