Mkuki wa Mhindi

Kila nikipita Uyole wanapobabua nguruwe kwa moto wa nyasi, ile harufu hunirudisha uani kwa bibi, Iringa. Nguruwe wa Krismasi tulimchinja kwa ncha ya mkuki wa zamani, na aliyeushika ni bibi peke yake. Aliuzamisha chini ya bega, kilio kikageuka mapovu.

"Ulikuwa wa Mhindi, askari wa farasi wa Waingereza, wakati wa vita vya Mjerumani," alisema. "Walikuja kubeba mahindi yetu."

"Aliudondosha?"

"Nani adondoshe mkuki? Baba yangu alimvuta kutoka juu ya farasi, akamnyang'anya, akamrudishia tumboni."

Nguruwe alikuwa bado anarusha miguu. Bibi akanisukumia beseni.

"Kinga vizuri. Damu ya Mhindi ilinywewa na shamba hili."